Wingu Lisilohama

Nianze na sindano, maana bila sindano safari yenyewe isingekuwepo.

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo pale Nguvumali, Tanga, miaka ile ya hamsini. Cherehani yake ilikaa barazani, na kila asubuhi kabla sijaenda shule alikuwa akiniita, "Mwanangu, njoo unitilie uzi." Mimi ni mtoto wa pekee, nikadhani ni kudekezwa tu. Nilipofika darasa la sita ndipo nikang'amua kwamba Baba haoni tundu la sindano. Baadaye kidogo nikang'amua kwamba hata sindano yenyewe haioni. Alikuwa akishona kwa vidole: analipapasa pindo, anaisikiliza cherehani inavyolia, anajua hapa nimefika kwapani, hapa mfukoni. Wateja hawakushuku kitu, maana mshono wake ulinyooka kuliko wa mafundi wenye macho mazima.

Daktari alishamwambia waziwazi: macho yanafunga taratibu na dawa hakuna. Alikuwa bado anatofautisha mwanga na giza, cheupe na cheusi, kitu kikubwa na ukuta. Basi. Siri hiyo tuliijua watu watatu, yeye, Mama na mimi, na ole wangu kama ningeitoa nje.

Baba hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Uchagani, kwenye mabega ya Kilimanjaro, akashuka ujanani kuja kukata mkonge. Mkonge ukamchoma, akaukimbia, akajifunza kushona, akamwoa Mama, Mbondei wa Muheza, na miaka ikaenda bila kurudi kwao hata mara moja. Lakini kiti chake sasa! Mtaa mzima watu wanageuza viti kuufuata upepo wa bahari; yeye anaipa bahari kisogo, anaelekea Amboni na ng'ambo yake huko, kaskazini magharibi. Jirani yetu Mpemba, muuza mchele, hakuchoka kumtania: "Fundi, hicho kibla chako umekipata wapi?" Baba anacheka, anasema kwao mtu hampi Kibo mgongo. Na ndivyo ilivyo. Kilele kile kwao ni kama mkubwa wa ukoo. Hata maiti wanamlaza akikielekea.

Siku moja, tunakula, Baba akaweka tonge chini. "Nataka nimwone Kibo mara moja tu," akasema, "kabla taa haijazimika."

Mama hakulia. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele ya chakula. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Nenda na huyu. Huyu ndiye macho yako."

Weee! Nililala na furaha hiyo nikaamka nayo. Najua ni aibu kufurahi hivyo wakati baba yako anapofuka, lakini nikidanganya leo nitakuwa nimefaidi nini? Nilifurahi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeambiwa kwamba atauona mlima wenye moto ndani na theluji juu.

Na sababu ya wazimu huo ilikuwa mwalimu wetu wa jiografia. Mtu mfupi, sauti ya watu watatu. Siku aliyofundisha Kilimanjaro alivunja chaki mbili. Alichora ubaoni mstari mmoja chini kabisa, akasema hii ni ardhi, kisha akausimamisha mlima juu ya mstari ule, mpana chini, mwembamba juu. Akatuambia kwamba zamani za zamani pale palikuwa tambarare tupu. Ardhi ikapasuka, mawe yaliyoyeyuka yakamwagika yakaganda, mengine yakamwagika juu yake, tabaka juu ya tabaka. Na kwamba ule si mlima mmoja, ni mitatu iliyoshikana. Shira alizimika kwanza, akabomoka. Mawenzi akafuata, mvua na upepo vikamtafuna mpaka akabaki meno matupu. Kibo, mdogo wao, ndiye aliyebaki na kimo chake, na kileleni pake mna shimo, na ndani ya shimo mna shimo jingine, na humo mpaka leo panatoka harufu ya kiberiti. "Na juu ya moto huo," akapiga ubao, "theluji!"

Darasa likacheka. Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya mapande, iliyofukiwa kwenye unga wa mbao kwa ajili ya samaki, na ikifika adhuhuri ni maji. Theluji ikae juani, karibu na jua kabisa, isiyeyuke? Msichana mmoja wa mtaa wa Mabawa akanong'ona, "Leo mwalimu amekunywa." Mimi sikucheka, nilitetemeka. Nyumbani Baba alikwisha kunipa ya kwao: kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, kila siku moto wake unazimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, mpaka Kibo akachoka akamtwanga na mchi, ndiyo maana amechakaa vile. Vitu hivyo viwili, cha mwalimu na cha Baba, vilikutana kichwani mwangu vikafanya kelele.

Halafu mwalimu akatusimulia habari za padre mmoja mzungu wa karne ya kumi na tisa, aliyetembea kwa miguu kutoka upande wa Mombasa mpaka Uchagani. Akaiona theluji kwa macho yake, akaandika kwao Ulaya. Huko kwao bwana mmoja msomi, ambaye Afrika yote aliijulia kitini, akamjibu kwamba haiwezekani. Akasema padre yule macho yake mabovu.

Lo! Nilikasirika mimi! Nina hasira za karibu, mpaka leo wajukuu wananijua. Mtu amepita nyika yenye simba, ameona kwa macho yake, na wewe umekaa huko na soksi zako unamwambia hajaona? Niliikandamiza penseli ikakatika. Mwalimu akaniona, akacheka, na aliposikia kwamba nakwenda huko na Baba wakati wa likizo akaniambia, "Basi nichoree. Usinichoree huu wa ubaoni. Nichoree utakaouona."

Tukapanda treni, behewa la daraja la tatu, mimi dirishani. Muheza nikala machungwa ya watu. Korogwe nikashuka kuchota maji, Baba roho juu nisiachwe. Tulipofika Mombo, milima imesimama kando ya reli kama inataka kupanda nayo, nikapiga kelele, "Baba! Ndio huu?"

Behewa zima likaangua kicheko. Baba akacheka kuliko wote. "Huo ni wa Washambaa, mwanangu. Wetu ukiuona hutauliza."

Wetu ukiuona hutauliza. Maneno hayo niliyashika kama sala.

Kabla sijasinzia akanipa masharti mawili, kwa sauti ya chini. La kwanza, Bibi, yaani mama yake, asijue habari ya macho. "Ni mzee. Ameningoja miaka yote hii, nisimpelekee msiba mkononi." La pili, nisimwulize mtu yeyote mlima uko upande gani. "Mtoto wangu mimi aulize Kibo yuko wapi? Watajua hapo hapo. Wewe ndiye utakayeniambia: leo yupo, leo hayupo. Ukisema yupo, nitageuza uso nimtafute. Ukisema hayupo, tutangoja kesho." Tulikuwa na asubuhi tatu tu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa sababu Jumatatu ilikuwa lazima turudi, sare za shule nzima zilikuwa zinamngoja barazani.

Moshi tulifika kukiwa na ukungu, hata paa la stesheni sikuliona vizuri. Tukapanda lori, kisha tukapanda kwa miguu, Baba mkono begani kwangu, na kila aliyetuona akadhani, tazama baba anavyompenda binti yake. Njia nyembamba, mfereji wa maji unapiga kelele kando, migomba huku, kahawa huku, na baridi! Nilivaa magauni yangu mawili kwa pamoja na kanga ya Mama juu, na meno bado yanagongana. Bibi akatoka nje ya kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, mdogo, mweusi, macho makali kuliko yetu sote. "Shikamoo Bibi," nikasema. Hakujua Kiswahili zaidi ya maneno kumi, lakini aliipokea, kisha akamshika Baba uso kwa mikono miwili, akampapasa kama anayenunua kitambaa. Nilishikwa na hofu. Nikasema huyu keshajua. Lakini alicheka tu, akatuingiza ndani kwenye moto.

Ijumaa alfajiri, Baba akaniamsha. Tukatoka mpaka ukingoni mwa kihamba, mahali migomba inapoachia. Nikatazama. Niliona mabonde, niliona vilima vya msitu, na juu ya msitu ukungu mzito umelala. Nikautafuta mlima, kuanzia chini kwenda juu, kama ulivyokuwa ubaoni. Nikatafuta mstari wake wa chini. Nikatafuta ubavu. Hakuna.

"Haupo, Baba."

Baba alikuwa ameinua kichwa, kidevu juu, kama mtu anayenyolewa ndevu. Kisha akasema, polepole, "Naona kama kuna weupe. Pale juu."

Nikaufuata uso wake. Juu kabisa, juu ya ukungu, juu ya kila kitu, mahali ambapo kwetu pwani huwa hakuna kitu isipokuwa ndege na Mungu, palikuwa na kitu cheupe kimekaa.

"Ni wingu, Baba," nikamwambia. "Mlima bado."

"Wingu?"

"Wingu tu."

"Haya," akasema.

Akashusha uso. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimebeba daftari na sikutaka kurudi mikono mitupu, nikakaa kwenye jiwe nikachora nilichokiona: migomba, vilima, ukungu, na juu yake wingu lile jeupe, bapa kichwani, lenye mifuo mitatu ya kijivu ikishuka kama maziwa yaliyofurika sufuria. Chini yake nikaandika kwa mwandiko mzuri: Wingu. Mlima bado.

Jumamosi tukatoka tena. Baba akainua uso pale pale. "Mwanangu, leo naona kama ule weupe umezidi."

"Ni yale mawingu ya jana, Baba," nikasema, na nilisema kwa kero kidogo, Mungu anisamehe. Nilimwona kama mtoto anayeng'ang'ania pipi. Mimi ndiye mwenye macho, ananiuliza nini? "Wewe mwenyewe ulisema ukiuona hutauliza. Sasa ungekuwepo, nisingeuona?"

Alijifuta macho kwa kiganja, kama mtu anayefuta kioo, kisha akasema neno ambalo sikulitilia maanani siku ile: "Siku hizi yananidanganya."

Mtu atauliza, watu wa nyumbani je? Bibi na shangazi yangu aliyeishi naye hawakuona kitu asubuhi zote hizo? Waliona, lakini wao hawautaji. Sisi Tanga nani anaamka akasema leo bahari ipo? Shangazi anakata majani ya ng'ombe, mlima uko mgongoni mwake, unataka aseme nini? Na sisi wawili na siri yetu hatukuweza kuuliza.

Jumapili ikaja na manyunyu. Toka asubuhi hadi jioni hatukuona hata paa la jirani. Tulikwenda kanisani, tukaimba, tukarudi, manyunyu. Baba alisimama ukingoni mwa kihamba na koti lililolowa, uso juu, hakuna weupe wala weusi, na mimi nilisimama pembeni nikilia kwa hasira. Niliukasirikia mlima. Nilisema moyoni, una ubahili gani wewe, mtu ametoka Tanga?

"Basi," Baba akasema mwishowe. "Haikuandikwa. Usilie. Nimemwona mama yangu." Lakini sauti yake ilikuwa imepasuka, na usiku ule hakula.

Jumatatu tulishuka mapema na lori la ndizi. Stesheni ya Moshi ilikuwa kavu, jua limetoka, watu wamejaa na mikungu yao na makuku yao. Baba akaketi juu ya sanduku letu, akaangalia reli, kusini. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona ameupa upande ule mgongo. Hilo liliniuma kuliko kumwona analia. Kwa kutokuwa na la kufanya, nikafungua daftari.

Nikatazama mchoro wangu. Nikainua kichwa kupumzisha shingo. Na juu ya paa la stesheni, juu ya miti, juu ya ukungu, wingu langu lilikuwepo.

Lile lile. Kichwa bapa. Mifuo mitatu ya kijivu. Nikatazama daftari, nikatazama juu, daftari, juu. Wingu gani hili linalokaa mahali pamoja Ijumaa, Jumamosi, mpaka Jumatatu? Wingu gani limekataa kuhama na upepo huu wote? Kisha, kulia kwake, ukungu ukasogea kidogo, na kitu cheusi kikajitokeza, kimechongoka, kimechakaa, meno matupu.

Mawenzi!

"BABA!" Nilipiga ukelele mpaka jogoo mmoja akamtoroka mwenyewe. "Baba, simama! Simama, geuka! Si wingu! Si wingu, Baba, ni wenyewe!" Nikamvuta mkono akapepesuka kidogo, nikamgeuza mabega kama ninavyogeuza gauni upande wa pili. Watu wakakimbilia, wakadhani nimeumwa na nyoka. "Juu! Juu zaidi! Ule weupe!"

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nimeinama siku tatu. Nilikuwa nautafuta mlima kwenye usawa wa bahari, mahali tunapotafuta vitu sisi watu wa pwani, nikiutaka uniletee na miguu yake, na mlima muda wote ulikuwa mbinguni, umekatwa kiuno na ukungu.

Baba akainua kidevu. Treni ikapiga honi. Hakuisikia. Nilimtazama usoni, sikuutazama mlima tena, nilimtazama yeye, na nikaona kitu kikipita pale usoni, taratibu.

"Pale?" akauliza, akanyoosha kidole. Kidole kilikuwa sawasawa kabisa, kimeelekea katikati ya Kibo.

"Pale pale, Baba."

"Lakini mwanangu," akasema, "huu ndio niliokuwa nauona."

Nikalifunga daftari.

"Ijumaa niliuona. Jumamosi niliuona." Akaanza kucheka. "Kumbe niliuona! Nikasema macho yameharibika mpaka yananiwekea mlima pasipo na mlima! Kumbe yalikuwa mazima, kwa kitu hicho kimoja yalikuwa mazima!" Akavua kofia, akaishika kifuani, akasema maneno ya kwao ambayo sikuyajua, na mzee mmoja mwenye mkungu wa ndizi akavua ya kwake pia, bila kuuliza. Baba alikuwa anacheka na machozi yanamshuka, mimi nalia bila kucheka, na karani wa treni anapiga kelele tupande au tubaki.

Tukapanda. Nilimweka dirishani, upande wenye mlima, na hakuugeuzia uso pembeni mpaka Kahe na mbele yake, mpaka uliposhuka nyuma ya vilima na nikamwambia, kwa uangalifu sana sasa, "Baba, kwangu umekwisha. Kwako je?" Akasema, "Bado kidogo." Sikubishana naye.

Likizo ilipokwisha nikampa mwalimu daftari. Alisoma pale chini, akacheka mpaka akakaa. Akaniuliza kama nakumbuka habari ya yule padre. Nikasema nakumbuka, yule aliyetukanwa macho. "Hukunisikiliza mpaka mwisho," akasema. "Hata yeye mwenyewe, mara ya kwanza, alidhani ni wingu." Akachukua kalamu afute maneno yangu, nikalinyakua daftari. Nikamwambia yaache. Ninalo mpaka leo, na maneno yake chini, na mwandiko wangu mzuri.

Bwana msomi wa Ulaya nilimsamehe tangu siku ile. Ningekuwa na uso gani wa kumlaumu? Yeye alimwambia mgeni kwamba hajaona. Mimi nilimwambia baba yangu, nikiwa nimesimama karibu naye, naye akaniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Baba hakunigombeza hata siku moja. Alinitania tu. Kila asubuhi nikimtilia uzi ananishika mkono, anauliza mbele ya wateja, "Umehakikisha? Ni uzi au ni wingu?" Wateja hawaelewi, sisi tunacheka. Macho yalifunga kabisa kabla mwaka haujaisha. Asubuhi ile nilijua, maana alipitisha kiganja mbele ya uso wake mara mbili, akakishusha. Nikatia uzi kwenye sindano, nikangoja aniulize. Akauliza.

"Ni uzi, Baba," nikasema.

"Haya," akasema, akakanyaga cherehani.